Nzega hadi Tinde, kilomita 50 sizikumbuki. Niliendesha mimi au nani?

#1 Mgogo_Mpole
Wakuu salaam. Ijumaa iliyopita nimetoka Dodoma kwenda Mwanza, mwenyewe ndani ya gari. Njia ile naijua, ila ni mara ya kwanza kuipita bila mtu pembeni. Nimetoka saa 3 asubuhi, Manyoni nikanywa chai, Singida nikala mchana (kuku, nani anapita Singida asile kuku), Sekenke nikashuka kwa gia taratibu, Igunga nikajaza mafuta. Hadi hapo kila kitu nakikumbuka, hata rangi ya kanga ya dada aliyeniuzia maji.

Nzega nimepita saa 9:40 alasiri, nilitazama saa. Kitu kinachofuata kichwani mwangu ni njia panda ya Tinde. Lori mbele yangu limewasha indiketa kwenda Kahama, na mimi nimeshapunguza mwendo nimejipanga upande wa Shinyanga kama kawaida. Saa 10:30. Katikati hapo hakuna kitu. Sikulala, maana ningelala ningeamkia kwenye shamba la mtu. Gari iko kwenye laini yake, redio inaongea. Lakini zile kilomita 50 nazitafuta siku ya tano sasa, sizipati.

Swali langu ni hili. Mlima Kitonga kule Iringa, wenye kona kali, nimepita mara nyingi tu, na kila nikitoka pale mikono imechoka lakini akili iko macho. Kwa nini tambarare, ambako hakuna kona wala mlima, ndiko kunakommaliza dereva? Wajuvi karibuni.

#2 Ngosha_wa_Maganzo
Mwadila mkuu. Umepita mbuga ya Wembere halafu ukategemea ukumbuke nini? Ng'ombe, mgunga, ng'ombe, mama na ndoo, ng'ombe. Ukikumbuka mmoja umewakumbuka wote 😂

#3 Chasisi_Ndefu
Mleta mada ulilala. Usikatae. Nimeendesha semi Dar–Kigali miaka 19, hicho unachosimulia nimekiona kwa macho yangu, na macho yenyewe yalikuwa wazi. Usingizi ule haufumbi macho. Kichwa kinazima sekunde tatu, kinawaka, kinazima tena. Kila kikiwaka kinakuta gari bado iko kwenye lami, kinaona mambo yako sawa. Mlimani haukupati kwa sababu mikono ina kazi na mzigo unakusukuma mgongoni. Tambarare mikono imekaa bure.

Ndiyo maana lori linatembea na utingo. Watu wanadhani kazi ya utingo ni kupiga jeki na kufunga turubai. Kazi yake kubwa ni kuongea. Nilikuwa na mmoja muongo kupita kiasi, na sijawahi kusinzia naye hata siku moja.

Kwa spidi 80, sekunde tatu ni kama mita 67. Nenda kazipime nje ya nyumba yako halafu urudi hapa useme hukulala.

#4 tochi_haidanganyi
Chasisi nakupinga kwa hesabu. Katoa saa mbili: Nzega 9:40, Tinde 10:30. Kilomita kama 50 kwa dakika 50, wastani wa 60 kwa saa. Sasa barabara ile nyeupe, nani anaitembea kwa 60? Maana yake kila kijiji chenye kibao cha 50 alipunguza, na kilipoisha akaongeza. Mtu aliyelala hapunguzi kwenye 50. Hata walio macho hawapunguzi.

#5 Chasisi_Ndefu
Hiyo ya mwisho nimekupa.

#6 Fundi_Koili
Kabla hamjafika kwenye akili, tuanze na gari. Vioo ulifunga? AC uliwasha? Ile swichi yenye mshale unaozunguka ilikuwa imewaka? Kama ndiyo, tangu Igunga ulikuwa unavuta hewa ile ile uliyoitoa. Halafu kuna ekzosi. Ikitoboka chini ya sakafu, moshi unaingia ndani taratibu, na sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Kichwa kinakuwa kizito, tumbo linachafuka kidogo, baada ya hapo hujui kitu. Lete gari iingie shimoni tuitazame. Sisemi hivyo kwa ajili ya biashara.

#7 mama_Nyemo
Fundi, lini umesema kitu hapa ambacho si kwa ajili ya biashara?

#8 Mgogo_Mpole
Fundi: vioo nilifunga kwa sababu ya vumbi, AC ndiyo, mshale sikuangalia. Tumbo halikuchafuka, kichwa hakikuuma. Mwanza nilifika saa 2 usiku nikakaa chini nikala sato mzima na ugali wa muhogo.

#9 Mjukuu_wa_Nzega
Mtanicheka ila nasema. Marehemu babu yangu alikuwa akitembea na mikokoteni ya pamba maeneo hayo, na alisema kuna sehemu njia "inameza" mtu. Ng'ombe wanaendelea kutembea, mtu juu ya mkokoteni yupo ila hayupo. Wazee walikuwa wakipita hapo wanaimba kwa sauti, hata kama mtu yuko peke yake. Haya mambo yapo.

#10 tochi_haidanganyi
Jini gani anakupokea usukani Nzega, anaheshimu vibao vyote vya 50, halafu anakurudishia Tinde kwa wakati? Huyo mpeni leseni daraja C.

#11 Chasisi_Ndefu
Mcheke jini, wazee msiwacheke. Kuimba kwa sauti kunasaidia kuliko redio. Redio inaongea yenyewe, haikuhitaji.

#12 Nesi_wa_Zamu
Mleta mada, maswali mawili. Usiku wa Alhamisi ulilala saa ngapi? Na siku hiyo ulikunywa dawa yoyote?

Nauliza kwa sababu mwili una saa zake. Kuna kipindi kibaya usiku, kuanzia kama saa 8 hadi alfajiri, hicho kila mtu anakijua. Kipo na kingine cha alasiri, saa 8 hadi saa 10 hivi, ambacho watu wanakisingizia ugali. Hata usile, kinakuja. Shibe inakiongezea uzito tu. Wewe umeingia tambarare katikati ya kipindi hicho.

#13 Mgogo_Mpole
Dada Nesi, Alhamisi kulikuwa na mpira, nililala kama saa 7 usiku. Na dawa... vumbi la Manyoni lilinipa mafua, Singida nikanunua Piriton nikanywa moja baada ya kula.

#14 tochi_haidanganyi
PIRITON. Kwa hiyo tumejadili ekzosi, majini na mikokoteni ya pamba, na mtu alikuwa amekunywa Piriton. Mods fungeni uzi.

#15 Nesi_wa_Zamu
Piriton inaleta usingizi, na ukinywa moja athari inaweza kukaa saa kadhaa. Hiyo si ya kuendeshea gari, hata kwenye boksi wanaandika. Ila sijasema ndiyo sababu. Nimesema inaongezea.

#16 mama_Nyemo
Mimi siamini kama kuna cha kutibu hapa. Nasonga ugali kila siku ya Mungu. Niulize ugali wa Jumanne niliusongaje, siwezi kukuambia. Sikuwa nimelala, sikuungua, unga nilipima, watu walikula wakashiba. Niulize ule wa siku mwiko ulipovunjikia sufuriani, nitakusimulia mpaka moshi ulivyokuwa. Kichwa hakitunzi kitu kinachofanana na cha jana. Sasa Nzega hadi Tinde kuna mwiko gani uliovunjika?

#17 Ngosha_wa_Maganzo
Mama Nyemo umemaliza. Ndicho nilichosema kwenye #2, ila mimi niliweka ng'ombe.

#18 Mwalimu_wa_Ramani
Ngosha, #2 uliweka na kosa. Wembere haiko kati ya Nzega na Tinde. Ukitoka Singida unashuka Sekenke, inafuata Shelui, hapo ndipo bonde la Wembere lilipo, na unalivuka kabla hujafika Igunga. Nzega na Tinde ni baada yake, na katikati unavuka mpaka wa mkoa wa Tabora kuingia Shinyanga. Wewe ni wa Maganzo, unatuaibisha.

Kuhusu swali lenyewe, mnajadili kichwa cha dereva bila kutazama nje ya kioo. Nchi ile haikuwa tupu hivyo siku zote. Enzi za Mwingereza watu walifyekeshwa vichaka maeneo makubwa ya Shinyanga ili kuua mbung'o, kisha ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Ilifika mahali watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kikubwa ulichofanya ni kurudia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani: ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa msimu wa mvua ili kiangazi ng'ombe wapate majani. Miti ikarudi sehemu nyingi. Lakini kandokando ya lami bado jicho halina pa kushika. Dereva akikosa kitu cha kupima umbali anahisi hasogei, na asiyesogea hukaa tu kama yuko sebuleni.

#19 Ngosha_wa_Maganzo
Mwalimu nimekubali kosa la Wembere, niadhibu kwa fimbo mbili. Lakini hoja yako ya miti ina shimo. Pita Itigi kwenda Tabora. Miti kushoto, miti kulia, vichaka vya Itigi hata mbuzi anageuza. Kunachosha vile vile, tena zaidi. Kwa hiyo miti siyo.

#20 Mwalimu_wa_Ramani
Miti inayofanana ni sawa na hakuna miti. Nilitegemea utaliona hilo mwenyewe.

#21 Sheha_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Mie nipo Oman mwaka wa kumi na nne, asili yangu Pemba. Kama mwataka tambarare basi njooni mwende Salalah kwa gari. Njia ya zamani ya Adam na Haima na Thumrait, kiasi cha kilomita elfu moja kutoka Muscat, na sehemu kubwa hakuna mlima, hakuna mti, hakuna kijiji, mchanga na waya za umeme. Wakati wa khareef watu wote wanakimbilia Salalah kwa mvua na ukungu, wanakwenda bila kupumzika, na ajali zake ni mashuhuri.

Mie siku ya kwanza nlikwenda peke yangu. Baada ya Haima nikaona maji mbele yangu barabarani. Yapo tu, yanang'ara, gari ya mbele imo ndani yake. Nikapunguza. Yanakimbia. Nikapunguza tena. Nyuma yangu mtu wa lori ananipigia honi kama mwehu. Nadhani kinachochosha ni hicho: jicho linakwambia maji, akili inakwambia hamna, unabishana nafsi yako saa sita.

#22 tochi_haidanganyi
Sarabi hiyo. Hata Igunga ipo saa saba mchana.

#23 Sheha_wa_Muscat
Sarabi ni Kiarabu ndugu yangu. Kiswahili chake mazigazi. Naona aibu kukufundisha kutoka huku.

#24 Mwalimu_wa_Ramani
Yote mawili yanatumika. Lami ikipata jua kali hewa iliyo karibu nayo inachemka kuliko ya juu, mwanga unapinda, na unachokiona chini ni kipande cha mbingu. Ndiyo maana yanakimbia: ukisogea, pembe inabadilika. Lakini Sheha, mleta mada alipita Nzega karibu saa 10 jioni. Mazigazi makali ni ya mchana. Yeye alikuwa anapigwa jua la machoni kutoka kushoto.

#25 Mzee_wa_Sarafu
Mmepita Sekenke mmezungumzia gia tu. Pale kulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Wajerumani. Vita ya kwanza ilipowabana wakahamia Tabora, na mwaka 1916 wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja ina tembo. Dhahabu yake ni ya Sekenke. Leo wakusanyaji wanaitafuta kwa bei ambayo ungenunua gari lenyewe. Mtu akipita pale na hilo kichwani halali.

#26 Fundi_Koili
Anakuwa anatazama chini badala ya barabarani.

#27 Mwalimu_wa_Ramani
Na tukiwa kwa Mjerumani, wao ndio waliopanga kuvuta maji ya Ziwa Victoria hadi Wembere walime pamba. Vita ikawakuta hawajafanya. Leo bomba la maji ya ziwa limefika Nzega na Igunga, ila ni ya kunywa.

#28 Mtu_wa_Mwingi
Habari zenu majirani. Huku Kenya mtu akisema barabara ndefu kila mtu anafikiria Mombasa Road, lakini hiyo ina malori mengi, huwezi kulala hata ukitaka. Njooni Nairobi kwenda Garissa. Ukishapita Mwingi barabara inanyooka mpaka unaona kesho. Mimi hufanya hiyo safari kila mwezi na dawa ni moja tu, miraa na chingamu.

#29 Chasisi_Ndefu
Huku kwetu mirungi ni kesi, jirani. Mleta mada usije ukamjibu trafiki kwamba ulishauriwa na mtu wa Mwingi.

#30 Mtu_wa_Mwingi
Basi chingamu pekee. Mdomo ukifanya kazi kichwa hakilali.

#31 Ngosha_wa_Maganzo
Kwa nini chingamu wakati kuna matobolwa? Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Kipande kimoja kinakutoa Tinde kinakufikisha Singida, taya linaomba likizo. Msichanganye na michembe, ile inakaushwa mbichi, ukitafuna kavu barabarani utatafuta daktari wa meno.

#32 Mchaga_wa_Omaha
Wakuu nasoma nikiwa maegesho ya malori Nebraska, Marekani, nasubiri saa zangu za kupumzika ziishe. Barabara yangu ya kila wiki ni Interstate 80. Kuna kipande kati ya Lincoln na Grand Island, maili 72, kama kilomita 115, kimenyooka hakina hata kona ya kusemea. Mahindi kushoto, mahindi kulia. Sheria ya huku ni saa 11 za usukani basi, na ukishaendesha saa 8 lazima usimame nusu saa, na kuna kifaa kwenye lori kinachoandika, hudanganyi. Pembeni ya barabara wamechonga mikwaruzo, tairi likikanyaga linanguruma gari zima linatetemeka.

Na pamoja na hayo yote, kilichompata Mgogo hunipata. Nimelala vizuri, sijanywa dawa, saa 3 asubuhi. Nashtuka niko Grand Island. Kinachonisaidia kidogo ni kuzima ile swichi ya kushika mwendo yenyewe. Mguu ukipata kazi ya kukanyaga mafuta, angalau kuna kiungo kimoja kiko kazini.

#33 tochi_haidanganyi
Saa 3 asubuhi na hujanywa Piriton. Nesi?

#34 Nesi_wa_Zamu
Nilisema inaongezea. Rudini #15.

Na dawa pekee ya usingizi ni usingizi. Simama sehemu salama, kunywa kahawa, halafu hapo hapo funga macho dakika 20. Kahawa inachukua muda huo kufika kichwani, ukiamka vyote viwili vinakupokea. Kufungua dirisha na kujipiga makofi ni kujidanganya.

#35 Siti_ya_Dirishani
Mimi si dereva, nasafiri kwa basi Mwanza–Dodoma kila likizo. Ninachojua ni kwamba kutoka Shinyanga hadi Nzega basi zima hulala, na Sekenke basi zima huamka. Hakuna anayeamshwa. Watoto, wazee, mwenye kuku. Wote hao hawakunywa Piriton na wala hawana usukani. Nadhani ni ile sauti ya tairi, haibadiliki.

#36 Chasisi_Ndefu
Naongeza kwa Siti: sauti ya injini pia. Lori la zamani lilikuwa halikuachi ulale, gia linagoma, kabini inanuka dizeli, kila dakika unasikiliza kitu gani kinataka kukatika. Haya ya sasa yametulia kama msikiti. Starehe ndiyo inayoua.

#37 Mgogo_Mpole
Wakuu, asanteni. Nimerudi Dodoma jana na nina ripoti.

Nilifuata karibu kila mtu. Usiku nililala saa 3, hakuna dawa, dirisha wazi robo, mshale wa AC umezimwa. Matobolwa nilinunua, Ngosha ulisema kweli, taya bado linauma. Kila saa moja nikasimama kuchimba dawa hata pasipo na dawa. Tinde hadi Nzega niliimba kama babu yake Mjukuu. Na nimekumbuka kila kitu! Baiskeli yenye magunia manne ya mkaa, watoto wawili wanagombania kofia, ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda chini, kibao cha 50 kilichoinama. Zile kilomita 50 ninazo zote.

Singida nikalala. Asubuhi nikatoka saa 1, mwili mwepesi, njia naijua. Manyoni nimeiona. Mteremko wa kwenda Kintinku nimeuona. Kisha nikaona nyumba za Dodoma.

Bahi sikuiona.

#38 tochi_haidanganyi
Bahi hakuna anayeiona mkuu. Hiyo si dalili.

#39 Mpunga_wa_Bahi
Mimi ni wa Bahi na nimekuwa nasoma kimya tangu #1. Mchele mnaokula hapo Dodoma mnadhani unatoka wapi? Tena tuna mpunga pande zote za njia, kijani kibichi. Huo nao ni ng'ombe?

#40 mama_Nyemo
Msamehe, ni Mgogo mwenzako.

#41 Nesi_wa_Zamu
Mgogo, Bahi ulipita saa ngapi?

#42 Mgogo_Mpole
Ingekuwa saa 4 asubuhi.

#43 Nesi_wa_Zamu
Saa 4 *asubuhi*? Na ulikuwa umelala vizuri Singida?

#44 Mgogo_Mpole
Saa nane nzima.

#45 Fundi_Koili
Lete gari shimoni.